Neno "Kusasisha" na Hatari Zake: Uhakiki wa Istilahi za Kutunza Mfumo Endeshi Usio Rasmi

Utangulizi

Istilahi hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa mezani, ambapo wataalamu huangalia kama neno limefuata kanuni za uundaji na kama linapatana na maneno mengine ya uwanja wake. Mara ya pili hupimwa kazini, pale mtu asiyejua neno lilivyozaliwa anapolikuta katika maelekezo na kutenda kama lilivyomwambia. Istilahi nyingi za kompyuta tulizo nazo zimefaulu kipimo cha kwanza. Makala haya yanakusudia kuzipima chache kwa kipimo cha pili, yaani kusasisha, kiendeshi, rasmi na chelezo.

Kazi tuliyoichagua kuwa mfano ni ndogo, na huenda baadhi ya wasomaji wakaiona ni ya kando: kusasisha kwa usalama mfumo endeshi uliosakinishwa katika kompyuta ambayo mwenye mfumo huo hakuikusudia. Tumeichagua kwa sababu moja. Katika kompyuta ya kawaida kosa la neno aghalabu husameheka, kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kujaribu sasisho lake katika mashine za aina hiyo kabla ya kulitoa. Katika kompyuta tunayoizungumzia hakuna aliyejaribu kwa niaba ya mtumiaji. Hana ngao ila maelekezo aliyopewa, na maelekezo hayo yakiwa na neno lenye utata, mashine haiwaki tena.

Kisa chenyewe

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa kompyuta iitwayo Eee PC. Ikafuatwa na nyingine nyingi za namna hiyo: kompyuta mpakato ndogo, nyepesi, za bei nafuu, zenye nguvu za kutosha kuandikia barua na kusomea habari za intaneti. Ndizo zilizoitwa netibuku. Mwaka 2008 Dell ilitoa Inspiron Mini 9, yenye kioo cha inchi 8.9 na prosesa ya Intel Atom N270 ya gigahezi 1.6. Mashine hiyo iliuzwa ikiwa na Windows XP au Linux. Lakini watumiaji waligundua upesi kwamba iliweza pia kubeba Mac OS X, mfumo wa Apple. Apple yenyewe haikuwahi kuuza Mac yenye prosesa ya Atom.

Ili mfumo huo ukae katika nyumba isiyojengwa kwa ajili yake, mambo matatu yalipaswa kupatana. La kwanza ni programu ya kuanzishia. Kompyuta za Mac za wakati huo zilianza kazi kwa utaratibu uitwao EFI, na Mini 9 kwa utaratibu wa kale zaidi uitwao BIOS. Programu kama Chameleon ilisimama katikati na kuzipatanisha pande hizo mbili. La pili ni viendeshi vya ziada, vilivyoufahamisha mfumo jinsi ya kutumia vifaa ambavyo Apple haikuviweka katika mashine zake. La tatu ni kiini, yaani ile sehemu ya mfumo inayotangulia nyingine na kutawala prosesa na kumbukumbu. Mambo mawili ya kwanza yaliletwa na mafundi wa kujitolea. La tatu lilikuwa la Apple, nacho kiini hicho kiliikubali Atom.

Toleo 10.6, liitwalo Snow Leopard, lilitolewa tarehe 28 Agosti 2009. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo likatoka sasisho la 10.6.2, likiwa na kiini kipya kisichoikubali Atom. Mwenye Mini 9 aliyebonyeza kitufe cha kusasisha, kama alivyozoea, aliona mashine yake ikiwaka na kujizima, ikiwaka na kujizima, bila ya kufika popote. Kwa kuwa Apple huchapisha msimbo wa kiini chake, mafundi waliweza kutengeneza kiini kilichorekebishwa. Wengine walirudisha kile cha 10.6.1. Lakini dawa hiyo ilimfaa yule tu aliyekuwa na njia nyingine ya kuwasha mashine na kuifikia diski yake.

Hiki ni kisa cha ufundi. Sasa tuangalie maneno ambayo mfasiri angeyatumia kama angetakiwa kumwandikia Mswahili maelekezo ya kazi hiyo.

Kusasisha

Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na neno sasa. Muundo wake ni safi, matamshi yake ni mepesi, nacho kimekwisha kuenea katika simu na kompyuta. Hatuna nia ya kuking'oa. Kasoro yake ni kwamba kinalipima jambo kwa wakati peke yake. Kinamwambia msomaji kwamba kitu chake kimebaki nyuma, na kwamba kukileta kwenye sasa ni kheri. Hakisemi kitakachoondolewa, wala kitakachowekwa mahali pake. Na kitendo chenyewe hasa ni cha kubadilisha: faili fulani hutolewa na nyingine huingizwa. Aliyeelewa kwamba anabadilisha kiini atauliza kwanza kama kiini kipya kinaifahamu prosesa yake. Aliyeelewa kwamba anaileta kompyuta kwenye sasa hana sababu ya kuuliza.

Kasoro ya pili ni kwamba neno hili moja limebebeshwa vitendo vitatu. Upo ubadilishaji wa sehemu ndogo, mathalani wa kuziba ufa wa usalama katika programu moja. Upo ubadilishaji ndani ya toleo lilelile, kama kutoka 10.6.1 hadi 10.6.2, ambao huweza kugusa kiini. Na kuna kuhama toleo, kama kutoka 10.5 hadi 10.6. Hatari za vitendo hivi hazilingani. Cha kwanza aghalabu hakigusi kiini wala viendeshi. Cha pili ndicho kilichoziangusha mashine mwaka 2009. Cha tatu ni sawa na kusakinisha upya. Mfasiri anayeandika "sasisha" kwa vyote vitatu amemnyima msomaji kipimo cha hatari.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kutenga mambo hayo. Sisi hatukubaliani nao. Kwa kitendo cha kwanza neno kiraka linatumika tayari, nalo linaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kushona nguo. Tuseme basi kutia kiraka. Kwa cha pili tubakishe kusasisha. Kwa cha tatu tuseme kuhamia toleo jipya. Hakuna hata neno moja hapa lililotungwa leo.

Zaidi ya hayo, lugha yetu ina hazina ambayo wafasiri wengi huisahau, nayo ni minyambuliko ya kitenzi. Kusasisha, kujisasisha, kusasishwa na kusasishika ni mambo manne tofauti, na katika kisa chetu kila moja lina kazi yake. Mfumo unaojisasisha huchukua mabadiliko pasipo kumwuliza mtu. Katika netibuku yenye mfumo usio rasmi, kinga ya kwanza ni kuuzuia usijisasishe. Mfumo unaosasishwa una mtendaji, naye ndiye atakayebeba dhamana. Ama kusasishika, ni sifa ya kitu chenyewe. Mini 9 ilisasishika ndani ya toleo 10.6 kwa sharti la kupewa kiini kinachoikubali Atom. Haikuweza kuhamishiwa toleo 10.7, Lion, lililotolewa tarehe 20 Julai 2011, kwa kuwa toleo hilo lilidai prosesa ya biti 64, na Atom N270 ni ya biti 32. Maelekezo yanayosema "usisasishe" kwa hali zote mbili yanachanganya katazo na kutowezekana. Msomaji aliyeambiwa "usi-" hudhani kwamba mjanja aweza kupita. Aliyeambiwa "haisasishiki" anajua kwamba hapo pana ukuta.

Kiendeshi

Neno hili ndilo lenye lawama kubwa zaidi, maana limepewa dhana mbili. Wengine wanalitumia kwa kifaa kinachotunza data, yaani diski. Wengine kwa programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa fulani, kama sauti au kioo. Utata huu umerithiwa kutoka Kiingereza, ambako maneno ya dhana hizo mbili ni ndugu wa mzizi mmoja. Lakini Kiingereza kiliyatofautisha kwa umbo la mwisho wa neno, na sisi tumeyavika vazi moja.

Tuone madhara yake. Pamekuwako kiendeshi kiitwacho SleepEnabler, kilichosaidia netibuku zenye Mac OS X kulala na kuamka. Kilifungamana na toleo mahususi la kiini. Kiini kikibadilishwa nacho kikabaki cha zamani, mfumo ulianguka wakati wa kuwaka. Kwa hiyo kulikiondoa kabla ya kusasisha, na kukirudisha cha toleo linalofaa baadaye, kulikuwa ni hatua ya lazima. Sasa mfasiri aandike: "Kabla ya kusasisha, ondoa kiendeshi." Katika Mini 9 diski hufikiwa kwa kufungua kifuniko cha chini kwa bisibisi. Msomaji mtiifu aweza kabisa kuchukua bisibisi, akaichomoa diski yenye kazi zake zote, na akaamini kwamba ametii.

Geuza sasa: "Kabla ya kusasisha, nakili kiendeshi." Aliyekusudiwa kunakili diski nzima atanakili faili moja ya sauti, kisha ataendelea mbele kwa moyo mkunjufu, akidhani kwamba amejikinga. Sentensi zote mbili ni sahihi kwa sarufi. Hakuna mhariri wa lugha atakayezikosoa. Lakini kila moja ina uwezo wa kumpotezea mwalimu alama za mtihani au karani jalada la mwaka mzima.

Pendekezo letu ni jepesi. Diski iitwe diski, kama wanavyoiita wananchi, hata ikiwa ni ile isiyokuwa na sahani inayozunguka ndani yake. Kiendeshi kibaki kwa programu ya kukitumia kifaa, na kila kinapotajwa kifuatwe na kifaa chake: kiendeshi cha sauti, kiendeshi cha kioo. Kiunganishi "cha" kinatosha kuondoa utata ambao istilahi mpya tano zisingeuondoa.

Hali kadhalika, maelekezo yaseme viendeshi viko wapi. Viendeshi vya ziada vilivyowekwa ndani ya folda ya mfumo, pamoja na vya Apple, viliweza kufutwa au kufunikwa na sasisho. Vilivyowekwa katika folda ya pembeni iitwayo Extra vilisalimika, kwa kuwa furushi la Apple halikuijua folda hiyo. Mfasiri anayeandika kwa jumla "viendeshi vitabaki" amesema jambo ambalo ni kweli kwa mmoja na si kweli kwa jirani yake.

Rasmi na isiyo rasmi

Katika Kiswahili cha ofisini, rasmi ni neno zito. Barua rasmi, ziara rasmi, lugha rasmi: yote haya yana mamlaka nyuma yake. Kwa sababu hiyo "usakinishaji usio rasmi" husomwa na mtumishi wa serikali kuwa ni usakinishaji wa haramu, na kijana wa kibandani huusoma kuwa ni wa kienyeji tu, usio na neno. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa istilahi imeficha maswali matatu.

Swali la kwanza: je, mtengenezaji anaihudumia mashine hiyo? La pili: je, leseni inaruhusu? La tatu: je, nakala ya mfumo ilipatikana kwa halali? Mtu aliyenunua diski ya Snow Leopard, iliyouzwa Marekani kwa dola 29, akaisakinisha katika Mini 9, hakuiba nakala. Hata hivyo leseni ya Apple iliruhusu mfumo huo kusakinishwa katika kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Kwa hiyo alikuwa nje ya leseni. Na kwa kuwa alikuwa nje ya huduma pia, Apple haikuwa na wajibu wa kumwonya kwamba 10.6.2 haitaikubali prosesa yake. Uzito wa swali la leseni ulionekana katika shauri la Apple dhidi ya Psystar, kampuni ya Florida iliyouza kompyuta zake zikiwa na Mac OS X. Mnamo Novemba 2009 mahakama ya California iliamua kwamba Psystar ilivunja hakimiliki, na mwaka 2011 mahakama ya rufani ikauthibitisha msingi wa uamuzi huo. Shauri lile lilihusu mfanyabiashara, lakini ofisi yoyote yafaa ilitafakari kabla ya kumruhusu fundi afanye apendavyo katika kompyuta zake.

Hivyo basi tunapendekeza kwamba mahali pa "isiyo rasmi" mfasiri aseme lile analolikusudia: usiohudumiwa na mtengenezaji; usioruhusiwa na leseni; au nakala isiyo halali. Ikiwa mfumo una sifa mbili kati ya hizo, azitaje zote mbili. Maneno yataongezeka, lakini mkuu wa ofisi anayetia saini atajua anatia saini kwa jambo gani.

Chelezo

Kwa nakala ya tahadhari wengine husema nakala rudufu, na wengine chelezo. Sisi twapendelea la pili. Limetokana na kuelea, na watu wa pwani wanalijua kuwa ni kitu cha kushikilia majini ili mtu asizame. Lakini uzuri wa neno usitufanye tusahau kulipa maana. Kuna chelezo cha kazi, yaani nakala ya barua, picha na hesabu za mtumiaji. Kuna chelezo cha mfumo, yaani nakala ya diski nzima. Na kuna chelezo cha kuwashia, yaani nakala ya mfumo iliyo katika diski ya nje au kijiti cha USB, inayoweza kuiwasha mashine peke yake.

Mwenye Mini 9 aliyekuwa na chelezo cha kazi peke yake hakupoteza barua zake, ila alibaki na mashine isiyowaka. Aliyekuwa na chelezo cha kuwashia alichomeka kijiti, akawasha, akarudisha kiini cha zamani, akaendelea na kazi. Kwa hiyo amri ya "weka chelezo" haitoshi. Na lipo sharti jingine: chelezo kijaribiwe kabla ya safari. Baharia hangoji dhoruba ndipo apime kama boya linaelea.

Mfano wa maelekezo

Uhakiki usiotoa mfano ni lawama tupu. Tuchukue kwanza maelekezo ya namna inayotolewa mara nyingi: "Weka chelezo. Ondoa viendeshi visivyo rasmi. Kisha sasisha kompyuta." Sentensi tatu, na ndani yake mashaka yasiyopungua manne. Maelekezo hayohayo tungeyaandika hivi:

"Zuia mfumo usijisasishe. Nakili diski nzima katika diski ya nje, kisha washa mashine kwa kutumia nakala hiyo ili kuhakikisha kwamba inawaka. Chunguza kama kiini kilichomo katika sasisho la 10.6.2 kinaikubali prosesa yako; kama hakiikubali, usiendelee mpaka upate kiini kinachoikubali. Hamishia viendeshi vya ziada katika folda ya Extra. Ondoa kiendeshi cha usingizi kinachofungamana na kiini cha 10.6.1. Sasisha mfumo kutoka 10.6.1 hadi 10.6.2 kwa furushi kamili. Kabla ya kuwasha upya, weka kiini kinachofaa. Mashine isipowaka, tumia diski ya nje na urudishe kiini cha 10.6.1."

Msomaji ataona kwamba hatukuongeza istilahi. Tumefanya mambo matatu tu. Kila kitenzi kimepewa yambwa yake, ili ijulikane ni nini kinachonakiliwa na ni nini kinachoondolewa. Kila badiliko limetajiwa namba ya linakotoka na ya linakokwenda. Na njia ya kurudi imeandikwa kabla ya msomaji kuihitaji. Neno furushi kamili lahitaji maelezo mafupi: Apple ilitoa sasisho kwa mafurushi mawili, dogo lenye mabadiliko tangu sasisho lililotangulia, na kamili lenye mabadiliko yote tangu mwanzo wa toleo. Mafundi walilipendelea hili la pili, na mfasiri asiyelitaja hutoa maelekezo pungufu.

Hitimisho

Netibuku zenyewe zimekwisha kupita, na Snow Leopard haipati tena viraka vya usalama kutoka Apple. Anayeitumia leo hana budi kuitenga na intaneti kadiri awezavyo. Hata hivyo hali iliyosababisha kisa hiki haijapita. Kila mahali ambapo fundi ameweka mfumo katika mashine ambayo mwenye mfumo hakuikusudia, au ameuweka mfumo mpya katika kompyuta ya mtumba ambayo mtengenezaji amekwisha kuiacha, maswali ni yaleyale: ni nini kinachobadilishwa, nani aliyelijaribu badiliko hilo, na njia ya kurudi iko wapi.

Itasemwa kwamba wananchi hawasomi fasili. Wao husema "kuapdeti" na maisha yanaendelea. Ni kweli, na hatuna ugomvi na neno la mtaani. Fundi anayesema "kuapdeti" yupo mbele ya mteja wake, naye aweza kuulizwa. Maandishi hayaulizwi. Mwalimu wa wilayani aliyeshika karatasi ya maelekezo usiku, hana fundi na hana simu ya kumpigia mtu, amebaki na maneno yetu tu. Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, kabla ya kupeleka maelekezo yoyote ya kompyuta kwa mpiga chapa, wampe mtu mmoja asiyejua Kiingereza ayafuate mbele yao katika mashine isiyo na kazi ya mtu ndani yake, nao wakae kimya. Pale mkono wake utakaposita, hapo ndipo istilahi inapodai kusahihishwa.